Babu Alikuwa Manowari: Namna ya Kumtafuta Baharia wa Vyombo Vidogo vya Vita

Katika nyumba nyingi za pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, kuna habari ya mzee "aliyekuwa manowari." Manowari gani, hakuna ajuaye. Mwaka gani, kila mtu na wake. Kuna picha moja iliyoliwa na unyevu, pengine nishani ndani ya kopo la biskuti, na sentensi inayorudiwa arusini na matangani: babu alipigana na Wajapani baharini. Ukitaka kuvuka hapo, inawezekana. Ila ujue mapema kwamba mtu wa tagi, wa tishari, wa mashua ya doria au wa chombo cha kusafisha mabomu yaliyotegwa baharini hatafutwi kama anavyotafutwa ofisa wa meli kubwa. Meli kubwa zimeandikiwa vitabu. Vyombo vidogo vimeachiwa mistari miwili mitatu ndani ya karatasi za watu wengine, na kazi yako ni kuiokota mmoja mmoja.

Wengi huanza kwa jina. Hufungua simu, huandika jina la babu, hawaoni kitu, hukata tamaa. Mimi nakushauri uanze na chombo na mwajiri, jina ulifikie mwishoni. Jina la baharia wa Kiafrika liliandikwa na mtu asiyejua kuliandika, au halikuandikwa kabisa. Tagi, kwa upande mwingine, ilikuwa mali ya serikali, na serikali ya kikoloni ilijua kuhesabu mali yake.

Nani alimlipa mshahara?

Hili ndilo swali la kwanza, nalo ni muhimu kuliko jina la meli. Chukua Mombasa ya mwaka 1942. Wajapani waliishambulia Colombo tarehe 5 Aprili, na siku nne baadaye wakaizamisha Hermes, meli ya Waingereza ya kubebea ndege za kivita, karibu na pwani ya Ceylon. Admirali James Somerville akahamishia kundi lake la manowari Kilindini, na makao yake hayakurudi Ceylon hadi Septemba 1943. Bandari iliyozoea meli za shehena na majahazi ya kaskazi ikajaa manowari, na kila manowari ilitaka maji, mafuta, nyama, barua, risasi, na mtu wa kuisogeza gatini. Kazi hizo zilifanywa na vyombo vidogo, na watu wa vyombo hivyo hawakuwa wa mwajiri mmoja.

Babu yako huenda alikuwa katika kikosi cha akiba cha wanamaji cha Kenya, kilichoanzishwa Mombasa mwaka 1933 na kujulikana kwa herufi KRNVR. Tanganyika na Zanzibar nazo zilikuwa na vikosi vyao vidogo vya wanamaji wa kujitolea. Huenda aliajiriwa pale pale bandarini na jeshi la wanamaji la Uingereza, bila kuhesabiwa mwanajeshi. Huenda alikuwa mtu wa Reli na Bandari za Kenya na Uganda, shirika lililoendesha bandari ya Kilindini, akawa anavaa nguo za kazi za shirika hilo huku akivuta manowari za Mfalme mchana kutwa. Huenda alikuwa baharia wa meli ya biashara iliyokodiwa na serikali kwa ajili ya vita. Na huenda, usishangae, alikuwa askari wa nchi kavu aliyepanda meli mara moja tu, ile meli iliyompeleka Burma, na familia ikaukumbuka ubaharia kwa sababu ya safari ile.

Kila jibu linakupeleka kwenye kabati jingine. Mtu wa reli hayumo katika karatasi za jeshi hata ukizipekua mwaka mzima. Baharia wa meli ya biashara yumo kwenye kumbukumbu za Bodi ya Biashara ya Uingereza. Kwa hiyo kabla hujatuma barua yoyote ng'ambo, kaa na wazee na uulize: alilipwa wapi, kwa mwezi au kwa siku? Alikuwa akilala nyumbani au kambini? Aliporudi, nani alimpa barua ya kuachishwa kazi? Mzee asiyekumbuka jina la chombo mara nyingi anakumbuka dirisha la malipo lilikuwa upande gani wa geti.

Kwa Waafrika wa Kenya kulikuwa na kipande, kile cheti alichotakiwa kila mwanamume kutembea nacho. Ndani yake mwajiri aliandika tarehe ya kumchukua mtu kazini na tarehe ya kumwachia. Kama familia imekitunza, kina thamani kuliko nishani. Kinamtaja mwajiri kwa mkono wa mwajiri mwenyewe.

Kopo la biskuti

Sasa fungua kopo. Toa nishani, itazame ukingoni, pale palipo kama ukingo wa sarafu. Nishani za mviringo za Vita vya Kwanza ziligongwa jina, cheo na namba ya mwenyewe. Tumia kioo cha kukuzia na mwanga wa pembeni, wala usiisugue kwa majivu wala kwa ndimu, maana maandishi yale ni membamba na yakifutika hayarudi. Nishani za Vita vya Pili zilizotolewa na Uingereza ni jambo jingine: zilitolewa tupu, bila jina. Usihuzunike ukikuta hakuna kitu, na usimwamini muuzaji anayekwambia nishani isiyo na jina ni bandia.

Hata hizo tupu zinasema. Nyota ya shaba yenye pembe sita na utepe wa mistari mitatu iliyo sawa, buluu iliyokoza, nyekundu na buluu nyepesi, ni Nyota ya 1939–45. Kwa mwanamaji, kanuni ya kawaida ilikuwa miezi sita ya kuwa majini katika eneo la vita. Kwa hiyo ukiikuta, una sababu nzuri ya kuamini kwamba babu hakuwa karani wa ghala. Ukikuta Nyota ya Burma juu yake, basi pengine chombo chake au kikosi chake kilivuka kwenda upande wa Ghuba ya Bengal. Nishani ya Vita peke yake, ile ya mviringo ya rangi ya fedha, inasema machache: alihudumu, basi. Angalia pia kama utepe ni wa nishani iliyonao. Katika miaka themanini watoto wa nyumba huzichezea, na tepe hubadilishana.

Picha nazo zina siri yao. Mwanamaji wa Uingereza alivaa kofia yenye utepe mweusi ulioandikwa jina la meli yake. Wakati wa Vita vya Pili jina liliondolewa ili adui asijue meli gani iko wapi, zikabaki herufi tatu tu, H.M.S. Ukiona picha ya babu na utepe wenye herufi hizo peke yake, umeshapata miaka yake kwa kukisia vizuri. Ukiona jina kamili la meli, kuna uwezekano mkubwa kwamba picha ni ya kabla ya vita au baada yake. Geuza picha nyuma usome muhuri wa studio. Huenda ilipigwa mjini, na mpiga picha akagonga jina la duka lake.

Wazee waulize kwa matukio, wasiulizwe mwaka. Ukimuuliza bibi babu alikwenda lini, atakujibu zamani. Mwulize kama ilikuwa kabla au baada ya askari kwenda Bukini, yaani Madagascar. Waingereza waliishambulia Diego Suarez tarehe 5 Mei 1942, na msafara wa pili ukafuata Septemba mwaka huo huo. Mwulize kama babu alisimulia habari ya nyambizi za Wajapani katika mlango wa bahari wa Msumbiji, ambako Juni na Julai 1942 zilizama zaidi ya meli 20. Simulizi likigusa tukio moja la namna hiyo, umepata mwaka bila ya yeye kuutaja.

Meli isiyoelea

Hapa ndipo watafutaji wengi hupotea, nami nitakaa hapa kidogo. Unapata karatasi, imeandikwa kwamba babu alihudumu HMS Tana. Unaitafuta picha ya manowari Tana, huipati. Huipati kwa sababu Tana haikuwa meli. Ilikuwa kambi ya nchi kavu ya jeshi la wanamaji pale Kilindini. Waingereza waliziita kambi zao kwa majina ya meli, na watu wa kambi waliandikwa kama mabaharia wa meli. Viwanja vya ndege vya jeshi hilo navyo vilipewa majina hivyo hivyo, tena kwa Kiswahili: Kipanga ilikuwa Mombasa, Korongo Nairobi, Kilele Tanga. Mjukuu anayejivunia kwamba babu alizunguka dunia na HMS Korongo anapaswa kupewa habari hii kwa upole.

Lakini usiishie kucheka. Vyombo vidogo havikuwa na karani wao, wala havikuwa na kitabu chao cha mishahara. Watu wa mashua ya doria, wa tagi ya jeshi au wa chombo cha mabomu waliandikwa kwenye vitabu vya kambi iliyo karibu. Kwa hiyo karatasi inayosema Tana inaweza kumaanisha mpishi wa kambi, na inaweza kumaanisha mtu aliyekuwa baharini kila alfajiri. Katika rekodi za utumishi za mabaharia, mara nyingine jina la chombo chenyewe huandikwa kwenye mabano, kwa herufi ndogo, baada ya jina la kambi. Hayo mabano ndiyo unayoyatafuta. Ukipata nakala iliyofifia, omba nyingine kabla ya kukisia.

Ukishapata jina la chombo, litafutie maisha yake: kilijengwa lini, kilikuwa wapi, kiliishia vipi. Tarehe za chombo zitakusahihishia simulizi. Mfano mzuri ni Rosalind. Wazee wengi waliopitia uanamaji Mombasa waliijua Rosalind, chombo kilichojengwa kwa umbo la meli ya kuvulia samaki na kushushwa majini mwaka 1941. Lakini kilikabidhiwa Kenya mwaka 1946. Kwa hiyo babu aliyesema "nilikuwa Rosalind" karibu hakika anazungumzia miaka ya baada ya vita, na huenda alidumu hadi kikosi kilipokuwa Jeshi la Wanamaji la Kifalme la Afrika Mashariki, lililovunjwa mwaka 1962. Hilo halimpunguzii kitu. Linakuhamisha tu kutoka kabati moja kwenda jingine, tena la pili lina karatasi nyingi zaidi. Mfano wa upande wa pili ni Hildasay, chombo cha jamii ile ile ya meli za kuvulia, kilichovunjikia mwambani karibu na Kilindini Juni 1945. Ikiwa babu alisimulia kupanda mwamba na kuiacha meli mwishoni mwa vita, unajua pa kuanzia.

Kusoma kitabu cha jirani

Utaambiwa utafute batli, yaani daftari la safari la chombo, lililoandikwa kila zamu. Ushauri mzuri, ila kwa vyombo vidogo vya Vita vya Pili batli nyingi hazikuhifadhiwa. Zilizobaki zipo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew, London, chini ya alama ADM 53, na nyingi ni za meli kubwa. Hapo ndipo unapobadili mbinu: unasoma batli la meli kubwa iliyohudumiwa na chombo chako. Manowari ikiingia Kilindini, ofisa wa zamu aliandika saa tagi ilipofika ubavuni, saa tishari la maji lilipofungwa, saa mashua ya barua ilipoondoka. Jina la tagi mara nyingi limo.

Nikuonyeshe kwa chombo kimoja cha Vita vya Kwanza, tagi Helmuth. Ilikuwa tagi ya Wajerumani iliyotekwa na Waingereza. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 ilikuwa ikilinda mlango wa kusini wa bandari ya Zanzibar, wakati manowari ya Wajerumani Königsberg ilipoingia na kuifumania manowari ya Waingereza Pegasus imetia nanga, mitambo yake inatengenezwa. Pegasus ilizama na kupoteza watu 38. Königsberg ilipokuwa ikipita iliifyatulia Helmuth nayo. Vitabu humaliza habari ya Helmuth kwa nusu sentensi hapo. Lakini ukifungua habari za Dar es Salaam za tarehe 28 Novemba mwaka huo huo, unaikuta tagi hiyo hiyo ikiingia bandarini pamoja na watu wa manowari Goliath na Fox kuziharibu meli za Kijerumani zilizofichwa ndani, siku ambayo Kamanda Henry Ritchie alijipatia Msalaba wa Victoria kwa ushujaa. Kwa hiyo mtu wa Helmuth hatafutwi kwenye faili la Helmuth. Anatafutwa kwenye batli la Pegasus, la Fox, la Goliath, na kwenye ripoti za shambulio la Dar es Salaam zilizomo ADM 137, mfululizo wa nyaraka za harakati za Vita vya Kwanza. Ndivyo ilivyo pia kwa meli ndogo za kuwindia nyangumi, Echo, Fly, Childers na Pickle, zilizolinda pwani na midomo ya Rufiji, na kwa matagi yaliyozivuta Severn na Mersey, manowari za maji mafupi zilizoimaliza Königsberg tarehe 11 Julai 1915. Batli za manowari nyingi za vita vile zimenakiliwa na watu wa kujitolea na kuwekwa kwenye intaneti bure, kwa hiyo unaweza kuanza ukiwa nyumbani.

Kwa Vita vya Pili tumia ADM 187, orodha zilizotolewa kila baada ya siku chache kuonyesha kila manowari iko wapi, na ADM 199, ambamo mna taarifa za kivita za vituo na misafara. Usipoteze fedha kwa ADM 208 kama babu alikuwa Kilindini: orodha zile za vyombo vidogo ni za maji ya Uingereza kwenyewe. Makumbusho ya Vita ya Kifalme, London, ina maelfu ya picha za wanamaji mtandaoni. Andika Kilindini, kisha Mombasa, kisha Kenya, usiandike jina la mtu. Maelezo ya picha ya wakati ule yalimtaja ofisa kwa jina, na mabaharia wetu kwa jumla.

Jina lenye sura saba

Sasa ndiyo turudi kwenye jina. Tuseme babu alikuwa Hamisi bin Feruzi. Tafuta Khamis, Hamis, Khamisi, Hamees. Tafuta Feruz, Ferooz, Faruzi. Kisha tafuta chini ya herufi B, kwa sababu karani wa Kiingereza aliyezoea jina la ukoo likae mwisho aliweza kulichukua "bin" kuwa sehemu ya jina, akaandika Binferuz kwa mkupuo. Kisha tafuta jina la kwanza kana kwamba ndilo la ukoo. Kama orodha inakubali kutafuta kwa namba ya utumishi, namba ni bora kuliko yote hayo.

Kwa waliopanda manowari za Uingereza kabla ya Vita vya Kwanza na wakati wake kuna taabu zaidi. Wanaume wa Zanzibar na pwani walichukuliwa kwa miaka mingi kama mabaharia wa kienyeji, wengi wakitupia makaa tanurini, chini ya kiongozi wao. Waingereza waliwaandika kwa cheo cha "seedie," na maofisa walipenda kuwapa majina ya mzaha ambayo ndiyo yaliyoingia kitabuni. Mtu aliyeajiriwa hivyo na kuachiwa bandari ile ile mara nyingi hana faili lake mwenyewe katika ADM 188, mfululizo wa rekodi za mabaharia wa Uingereza. Jaribu orodha za nishani, ADM 171. Ukikuta jina la mzaha linalolingana na meli, tarehe na cheo, liweke kando kama dhana, usilitangaze mpaka upate ushahidi wa pili.

Anza hapa nyumbani

Watu hukimbilia London, nami nasema anza karibu. Vikosi vya akiba vya Kenya, Tanganyika na Zanzibar viliundwa na serikali za hapa, na karatasi zao si lazima zilivuka bahari. Nairobi, nenda Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa kwenye Moi Avenue, lile jengo la zamani la benki. Omba mafaili ya Jimbo la Pwani, yenye alama PC/COAST, na ya Wilaya ya Mombasa. Zanzibar, nyaraka ziko Kilimani. Dar es Salaam, ziko Upanga. Beba kitambulisho, penseli na subira, na usiombe "faili la babu." Omba mafaili ya bandari, ya ajira za wakati wa vita, ya malipo kwa wategemezi wa wanamaji, ya fidia. Mke aliyeandika barua kudai mshahara wa mumewe aliyekwama Ceylon ameacha jina la mume, la chombo na la mtaa katika ukurasa mmoja. Barua za madai ni hazina. Serikali ilijibu pole pole lakini ilizitunza.

Pitia pia Gazeti Rasmi la Kenya, ambalo matoleo mengi yamepigwa picha na kupatikana kwenye intaneti. Maofisa wa KRNVR walitangazwa humo walipoteuliwa. Hutampata babu, lakini utampata bosi wake, na jina la bosi hufungua mafaili. Watu wa Reli na Bandari watafutwe kupitia kumbukumbu za shirika hilo. Makumbusho ya Reli Nairobi ni mahali pa kuulizia. Magazeti ya Kiswahili ya wakati ule, Mambo Leo la Dar es Salaam na Baraza la Nairobi lililoanza mwaka 1939, yana barua na salamu za waliokuwa vitani.

Ukishaishiwa hapa, andika Uingereza. Rekodi za utumishi za Vita vya Pili zilikuwa mikononi mwa Wizara ya Ulinzi, na tangu 2022 zimekuwa zikihamishiwa Kew kwa mafungu, kwa hiyo angalia kwanza katika katalogi ya Kew iitwayo Discovery, kisha ndipo uombe wizarani. Andaa cheti cha kifo, tarehe ya kuzaliwa hata ya kukadiria, namba ya utumishi kama ipo, na uthibitisho wa undugu wako. Barua iwe fupi. Usiwasimulie maisha ya babu. Wape jina katika tahajia zote, kambi, chombo, miaka. Wakijibu kwamba hawana, uliza kama alikuwa wa kikosi cha koloni, kisha geukia nyaraka za Ofisi ya Makoloni: CO 533 kwa Kenya, CO 691 kwa Tanganyika, CO 618 kwa Zanzibar. Na kwa baharia wa meli ya biashara, kadi za safari za meli ziko BT 389, na nishani BT 395.

Wa maziwani wana njia yao. Ziwa Nyasa, meli ya Waingereza Gwendolen iliivamia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann tarehe 13 Agosti 1914 mahali paitwapo leo Liuli. Ziwa Tanganyika, boti mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizovushwa milima ya Kongo kwa nguvu za watu, ng'ombe na mashine, ziliiteka meli ya Wajerumani Kingani tarehe 26 Desemba 1915 na kusaidia kuizamisha nyingine yao, Hedwig von Wissmann, tarehe 9 Februari 1916. Walioziburuta na kuzihudumia wamo katika karatasi za Waingereza, za Wabelgiji zilizoko Brussels, na kwa upande wa pili za Wajerumani zilizoko Freiburg na Berlin. Familia ya Kigoma au Kalemie ianze kwa kuuliza babu alikuwa upande gani wa ziwa mwaka 1915.

Kama hakurudi

Ikiwa babu alikufa kazini, tafuta katika orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo ni ya bure mtandaoni. Usitafute kwa jina kwanza. Chuja kwa makaburi: Mbaraki Mombasa, makaburi ya vita ya Dar es Salaam, na Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi. Kisha chuja kwa jeshi la wanamaji na usome majina yote, moja moja. Kuwa mwangalifu na habari ya meli Khedive Ismail, iliyozamishwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944 ikitoka Kilindini kwenda Colombo, watu 1,297 wakafa. Waafrika Mashariki wengi waliokuwamo walikuwa askari wa mizinga waliosafirishwa, kwa hiyo babu aliyezama nayo huenda yumo chini ya jeshi la nchi kavu, hata kama nyumbani mnamwita baharia.

Na kama hayumo kabisa, hiyo haithibitishi kwamba hakuwepo. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilichapisha ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Unaweza kuiandikia Tume uombe jina liingizwe. Wanahitaji ushahidi wa wakati ule kwamba alikuwa kazini, na kwamba alikufa kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, au kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947, kutokana na utumishi huo au akiwa bado kazini. Hapo ndipo kipande, barua ya madai ya bibi, na ule mstari wa batli la manowari jirani vinapowekwa pamoja katika bahasha moja. Tuma nakala, asili zibaki nyumbani, na uandike jina kama familia inavyoliandika, ukiambatisha chini yake tahajia uliyoikuta kwenye karatasi yao.